Alikwenda Kuomba Udhuru

Mwezi wa pili sasa tangu nirudishe funguo za ofisi, na bado kila Jumatatu alfajiri najikuta nimevaa viatu, nimekaa ukingoni mwa kitanda hapa Kensington, Johannesburg, nikisikiliza teksi, daladala za huku, zinazoshuka mjini. Nasikiliza honi mbili tatu, kisha navua viatu. Nyinyi mliobaki kwenye dawati la uhamisho mliniomba, siku ile ya keki ya kuniaga, niwaandikie namna kazi yetu inavyofanywa. Nikajibu kwamba nitaandika nikipata nafasi. Haya, nafasi nimeipata, na kusema kweli siipendi.

Nimejaribu kuandika kwa Kiingereza, ikatoka ripoti. Nikaichana. Wawili kati yenu mmelelewa kwa Kiswahili, hata kama mnakiongea kama mnatafuna mfupa, mtawasomea wenzenu. Msitafute humu habari za vyeo na mishahara. Hizo ziko kwenye faili, na faili mnajua lilipo, kwa sababu nililipanga mimi.

Siku ya kwanza niliingia pale kupika chai. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinitoa Tanga akaja kuuza vitambaa katikati ya jiji, nami nilikuwa na cheti cha uhazili ambacho hakuna mtu aliyetaka kukisoma. Chama cha wafanyakazi wa serikali kilihitaji mpika chai. Maji yakawa yanachemka, nami sijui kukaa mikono mitupu, nikaona juu ya meza rundo la barua za wanachama zimechanganyikana, nikaanza kuzipanga kwa tarehe. Akaingia mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Ndiye Baba Ndlovu, mkuu wa dawati la uhamisho.

"Nani amekuambia upange hizo?" akauliza.

"Hakuna, Baba. Zilikuwa zimechanganyika."

Akazipitia moja moja mpaka ya mwisho. "Eish," akasema, "chai atapika mwingine."

Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, ingawa yeye alijua neno letu moja tu, "karibu", na alilitumia hata wakati wa kuaga. Alinifundisha kazi kwa miaka mingi, na siku alipozikwa nilisimama nyuma ya watu nikisema "karibu, Baba" kimoyomoyo, maana sikuwa na neno jingine ambalo tulilimiliki wote wawili.

Kwa walio wageni kabisa: dawati letu linawapokea watumishi wa umma, wauguzi, walimu, makarani, watunza stoo, ambao wamepewa barua kwamba kuanzia siku fulani kazi yao iko mahali pengine. Wanakuja kuuliza kama sheria iko upande wao. Wengi haiko. Hao nao wanastahili kiti na glasi ya maji.

Somo la kwanza la Baba Ndlovu lilikuwa bahasha. Alisema tusianze na barua, kwa sababu barua ina tarehe wanayoitaka wao. Barua za uhamisho zina tabia ya kuzaliwa zikiwa zimezeeka: juu imeandikwa mwanzo wa mwezi, mtu anaipokea mwezi unaisha, na siku za kujibu zimekwisha ikiwa ingali imelala kwenye trei ya mkubwa. Kwa hiyo mwambieni kila mteja asitupe bahasha. Kama alipewa mkononi, aandike pembeni siku, saa, na jina la aliyempa. Mimi nilipewa muhuri wa tarehe wa chuma, ule wa magurudumu, uliokuwa unatoa wino wa zambarau usiotoka vidoleni. Watoto wangu waliniuliza kwa nini mama ana mkono wa mtu aliyepiga kura kila siku.

Somo la pili lilikuwa sheria yenyewe, nayo haina maajabu. Serikali iliyokuajiri inaweza kukuhamisha kazi ikihitaji. Lakini kabla haijaamua ikuambie inachokusudia na sababu zake, ikupe muda wa kusema lako, na iyasikilize uliyosema. Ikiamua kwanza ndipo ikuulize, hapo tunapata pa kushika. Baba Ndlovu aliuliza kila mteja maswali matatu, nami niliyaandika ndani ya jalada la daftari langu: Walikuuliza kabla? Ulijibu kwa maandishi? Umeshakwenda huko? Hilo la mwisho ndilo limezika kesi nyingi. Mtu akiripoti kituo kipya akaanza kazi kimya, mahakama itaona amekubali. Kama hana budi kwenda, basi aende na barua mkononi inayosema kwamba anatii amri tu, na pingamizi lake liko palepale.

Somo la tatu hakunifundisha mtu, nilijifunza kwa wateja: usidhani unajua mtu anataka nini. Kulikuwa na mtunza stoo wa hospitali aliyetusumbua mwaka mzima. Alikuja kila Alhamisi na mfuko wa nakala, akadai arudishwe kituo chake cha zamani, akalia mbele ya wakili. Tukashinda. Nikampigia simu kumpa habari njema, akasema, "Mama Zuhura, kumbe huku nimezoea." Alikuwa amepata mchumba kwenye duka la dawa la hospitali mpya. Baba Ndlovu aliandika juu ya faili, kwa kalamu nyekundu: Tumeshinda, Mungu atusamehe.

Nazikumbuka Jumatatu kuliko siku nyingine. Barua zilipenda kutolewa Ijumaa jioni, ili mwenye barua asipate wa kumuuliza, kwa hiyo Jumatatu ukumbi ulijaa. Mtu wa kwanza alikuwa ameshafika kabla hatujafungua. Unaita jina, anasimama, anakuja ameshika bahasha kwa mikono miwili. Ninalia nikiandika haya, msinicheke. Kwa miaka yote hiyo nililalamika kuhusu Jumatatu, na sasa ningepika chai bure ili niitwe tena nikae pale.

Sasa nije kwa Godelive.

Alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyefanya kazi kwenye kliniki moja ya serikali Hillbrow. Alishapata uraia, alishapata ajira ya kudumu, na alikuwa na mkono mwepesi wa sindano mpaka watoto waligundua wakiwa wameshachomwa. Tulifahamiana kabla ya kesi, kwa sababu alikuwa mwakilishi wa chama chetu pale kazini kwake. Ijumaa nyingi, akitoka zamu, tulipanda teksi pamoja mpaka Bertrams, kwenye gorofa yao karibu na uwanja wa mpira, nikakaa saa mbili kabla ya kuendelea kwangu.

Nilikwenda kwa ajili ya mama yake. Mama Ngalula alikuwa amepoteza macho ukubwani, kwa kisukari, na alikataa kuongozwa. Alikuwa ameifunza Bertrams kwa kiganja na masikio: ukuta wa matofali hadi kona, kona hadi spaza, kiduka cha Mhabeshi, pale anapikia kahawa harufu ikakupokea. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, alisikiliza injini zikinyamaza, ndipo avuke. Alikwenda peke yake kanisani, dukani, kwa fundi cherehani. Nyumbani alikaanga mikate kwa kusikiliza mafuta. Mikate ni vile vidonge vya unga vya Kikongo. Mimi nilimwambia kwetu Tanga tungeviita kalimati zilizonyimwa sukari, naye akaniambia Watanga wote watang'oka meno. Tulibishana hivyo kwa Kiswahili changu na Kiswahili chake, na kile chumba kikawa mahali pekee Johannesburg nilipocheka bila kutafsiri kwanza. Nyumbani kwangu wanangu wananijibu kwa Kiingereza, na wajukuu wananijibu kwa Kizulu.

Ijumaa moja Godelive hakunisubiri kituoni. Alikuja ofisini, bado na sare, na bahasha.

"Maman Zuhura, balinipa hii saa hizi," akasema. "Banasema Jumatatu niko kule."

Kule kulikuwa ni mji wa migodi upande wa magharibi, teksi tatu na mwendo wa nusu ya asubuhi. Kliniki ya huko ilikuwa imekosa wauguzi, barua ilisema, na uhamisho ulikuwa kwa maslahi ya umma. Nikamuuliza yale maswali. Walimuuliza kabla? Hapana. Alijibu lolote? Angejibu nini, barua ndiyo kwanza imefika. Ameshakwenda? Hajawahi hata kuuona mji huo. Nikagonga muhuri kwenye nakala ya bahasha, moyo umetulia. Sikuwahi kupata kesi safi namna ile.

"Mama yangu njo mambo," Godelive akasema, na "njo" yao ni "ndiyo" yetu. "Mi naweza kufanya kazi kokote. Lakini yeye, kule atakuwa kipofu."

Nililielewa. Bertrams, Mama Ngalula alikuwa mwanamke anayekwenda dukani. Kwingine kokote angekuwa mzigo wa kushikwa mkono, na alikuwa amefika umri ambao hakuna mtu anayeanza tena kujifunza kuta. Tuliahidiana mimi na Godelive kwamba hatang'olewa pale.

Bahati ilikuwa yetu pia kwa upande mwingine. Godelive alikuwa ameomba likizo ya wiki iliyofuata tangu siku nyingi, na ilishakubaliwa. Hakuhitaji kuripoti popote Jumatatu. Wakili wetu angekuwa na wiki nzima ya kuandaa ombi la dharura, mahakama izuie uhamisho mpaka asikilizwe. Tulichotakiwa kufanya ni kukaa kimya.

Jumamosi usiku akanipigia simu. Matroni wa kliniki mpya alikuwa amempigia yeye. Mama mtu mzima, mpole, akamwambia wanamngojea kwa hamu, wamekwisha kumfagilia chumba cha kazi na kumwekea pazia. Godelive akamjibu asante tu.

"Sasa nifanye je, maman? Atakaa mlangoni ananingoja."

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo nilipokosea. Kazini nilijua jibu: asiende, na kama lazima wajulishwe, tutaandika barua sisi. Lakini aliyejibu simu hakuwa afisa wa dawati la uhamisho. Alikuwa binti wa Tanga, aliyefundishwa na mama yake kwamba mwenyeji aliyekuandalia humwachi na macho barabarani. Unakwenda mwenyewe, unamshika mkono, unaomba udhuru, unarudi. Kumpelekea barua ya kisheria mtu aliyekufagilia chumba niliona ni ukavu.

"Nenda Jumatatu," nikamwambia. "Mwambie kwa mdomo kwamba umeshukuru, ila shauri lako liko kwa wakubwa. Kisha urudi."

Akashusha pumzi. "Hata mi nilifikiri hivyo," akasema.

Akaenda. Hakuvaa sare, alivaa kitenge cha kanisani. Mlangoni kulikuwa na daftari moja tu, la kila anayeingia, na mlinzi akampa kalamu. Akaandika jina lake na saa ya kuingia. Matroni akamkumbatia, akamzungusha vyumba vyote, akamwonyesha pazia. Godelive alikuwa amebeba beseni la mikate, maana huendi kuomba udhuru mikono mitupu. Wauguzi wakala, wakafurahi, wakapiga picha, matroni katikati ameweka mkono begani mwa Godelive, na picha ikaingia kwenye kundi lao la WhatsApp: Karibu dada yetu mpya. Aliposema aliyokwenda kusema, matroni alimwambia asijali, mambo ya wakubwa yatajiweka sawa yenyewe. Akamtoa kwa mlango wa nyuma, ulio karibu na stendi ya teksi. Kwa hiyo nafasi ya saa ya kutoka ilibaki tupu. Kwa mujibu wa daftari lile, Godelive aliingia saa mbili na dakika kumi na hajatoka mpaka leo.

Yote hayo tuliyakuta kwenye majibu ya idara, wiki iliyofuata. Nakala ya daftari, picha, na aya moja iliyosema kwamba mwombaji alifika kituoni, akasaini mahudhurio, akakagua chumba chake, na kusherehekea kuwasili kwake pamoja na wenzake kwa vitafunwa alivyoandaa mwenyewe. Sikuwa na uongo wa kuukanusha. Matroni aliapa aliyoyaona, na alichoona ni mgeni aliyekuja kwa furaha. Nilisoma aya ile nimesimama, kisha nikakaa.

Nikampelekea Baba Ndlovu. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho kazini, mapafu yameanza kumchosha. Akasoma, akavua miwani.

"Nani alimtuma?" akauliza.

"Mimi, Baba."

Hakufoka. Afadhali angefoka. "Basi andika kiapo," akasema. "Andika kwamba wewe ndiye ulimtuma, na ulimtuma kufanya nini. Jaji akijua alikwenda kuaga, picha itasomeka vingine."

Niliandika usiku uleule, kurasa mbili. Asubuhi nikamsomea Godelive kwenye ngazi za ofisi. Alisikiliza mpaka mwisho, akazichukua zile karatasi mkononi mwangu, akazikunja.

"Hapana, maman. Ukiandika hii, bakubwa bako batakufukuza. Utaandikiwa kila mahali kwamba ulikosesha mtu kesi."

"Ni kweli nilikosesha."

"Mi njo nilisaini. Haiko weye. Jaji ataelewa, nitamwambia mi mwenyewe kwa kiapo changu."

Nilimbishia. Lakini nilimbishia kwa sauti ya mtu anayetaka kushindwa, na yeye alikuwa amenizoea, akaisikia. Karatasi ziliingia kwenye mkoba wake. Baba Ndlovu aliniuliza mara moja tu kama nimeapa. Nikamwambia mteja amekataa. Akarudi kwenye faili zake.

Mahakamani tulisubiri tangu asubuhi kwenye benchi gumu, Godelive katikati yangu na mwanamke mwingine aliyekuwa ananong'ona sala. Zamu yetu haikuchukua hata nusu saa. Wakili wetu, kijana hodari, alieleza kwamba hakuna aliyemuuliza mteja wake chochote kabla ya kumhamisha, na jaji alionekana kukubali. Kisha akafungua ukurasa wa picha.

"Wakili," akasema, "mteja wako alikuwa anapinga nini wakati picha hii inapigwa?"

Wakili akaeleza habari ya udhuru na heshima. Jaji akauliza kama kuna mtu mwingine yeyote anayethibitisha kwamba hiyo ndiyo ilikuwa nia ya safari ile. Wakili akageuka, akatazama karatasi zake. Mimi nilikuwa hatua nne nyuma yake, nimeshika mkoba kifuani, nimekaa.

"Hakuna, Mheshimiwa."

Ombi likatupwa. Jaji hakuwa mkatili, na kwa yaliyokuwa mbele yake sijui kama ningeamua tofauti. Godelive alisema imetosha, hataki rufaa, hataki kumwingiza mama yake kwenye mwaka mwingine wa kungoja. Mwisho wa mwezi walihama. Nilisaidia kufunga vyombo, nikasafisha jiko, nikafunga mlango wa gorofa ile kwa mkono wangu.

Kuna jambo ambalo nimewafundisha nyote, na wengine mmelinukuu kwenye mafunzo: kesi ikifa, mteja aambiwe siku hiyohiyo, macho kwa macho, asiachiwe hata mwanya wa tumaini. Mama Ngalula hakuambiwa. Godelive alimwambia kwamba wanahama kwa muda, huku kesi ikiendelea. Alishindwa kusema vingine, na akaniomba nisimwumbue. Nami nilikuwa mtu wa mwisho kuwa na haki ya kukataa.

Kwa hiyo kwa miaka minne, Jumamosi moja ya kila mwezi, nimepanda teksi tatu. Nyumba waliyopata ni nzuri kuliko gorofa ya Bertrams, ina bustani mbele na geti. Mama Ngalula alikaa kwenye kiti cha ukumbini, karibu na dirisha, na hakutoka. Fimbo yake ilitundikwa nyuma ya mlango. Godelive alimbembeleza ajifunze angalau njia ya kufika getini, akakataa. Alisema hawezi kujaza kichwa kwa kuta za mahali pa kupita. Hata mikate aliacha kukaanga, kwa sababu jiko lile halikuwa lake.

Akinisikia naingia alisema, "Zuhura, kesi iko wapi?"

"Iko inaenda, mama," nilimjibu kwa Kiswahili chake. Mara nyingine nilisema imeahirishwa. Mara nyingine nilisema jaji yuko likizo, na yeye akasema majaji ba huku banapumzika sana.

Sikuwahi kupenda mtu anayenidai neno kama nilivyompenda yule mama. Njiani kurudi nilitamani Ijumaa zetu: mlango wa gorofa, mafuta yakichemka, sauti yake akiniuliza Watanga bado wana meno. Nilikuwa nimepoteza chumba changu cha kucheka, na aliyekipoteza ni mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mara ya kwanza nikiwa mstaafu. Godelive alikuwa jikoni. Nilikuwa sijavua koti.

"Zuhura, kesi iko wapi?"

Nikafungua mdomo niseme imeahirishwa, haikutoka. Sikuwa na ofisi tena. Sikuwa na faili la kujifichia. Nikavuta kigoda, nikakaa mpaka magoti yetu yakagusana.

"Mama, kesi ilikufa," nikasema. "Ilikufa mwaka ule ule, kabla hamjahama. Na niliiua mimi."

Nikamweleza yote. Simu ya Jumamosi, pazia, nilivyomwambia Godelive aende akaombe udhuru, daftari, picha. Nikamweleza na zile kurasa mbili, na jaji alivyouliza kama kuna mtu, nami nikabaki nimekaa. Godelive alikuwa amekuja kusimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi, analia bila sauti.

Mikono ya Mama Ngalula ilikuwa inapapasa mikono ya kiti, nyuma na mbele.

"Ungelimkataza asiende," akasema mwishowe, "mi ningelimtuma. Mikate njo mi nilikaanga. Nilimwambia, mwana, huendi kwa mama wa batu mikono mitupu." Akatikisa kichwa. "Lakini pale mbele ya jaji, Zuhura. Pale ulipaswa kusimama."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo," akasema yeye pia.

Hakunipa pole na sikuiomba. Vijana wangu, mteja wenu akitaka kwenda kuaga, mwandikieni barua ya kuaga, akaibebe pamoja na beseni lake. Na mkiulizwa kama kuna mtu, simameni.

Kisha akanyoosha mkono hewani. "Nipe ile fimbo."

Godelive akaitoa nyuma ya mlango, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akampa. Mama Ngalula aliinuka. Akagusa fremu ya mlango, akaupima ukuta wa nje kwa kiganja, polepole, akilalamika kwamba una chokaa inayotoka. Nilitembea kando yake bila kumshika. Ilituchukua muda mrefu kufika getini. Akalishika geti kwa mikono miwili, akasikiliza barabara.

"Bertrams iko upande gani?" akauliza.

Nikamshika mabega, nikamgeuza taratibu mpaka uso wake ukaelekea mashariki. Tukasimama hivyo, mimi na yeye, mpaka Godelive alipotuita kwamba chakula kinapoa.